Na Mamake Anatazama?

Sisi tunaokaa Liwatoni, habari ya feri haitujii kama habari ya mbali. Likoni iko ng'ambo pale tu, na kila nyumba ina mtu anayevuka. Ndiyo maana Jumapili ile ya tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee likazama na mama na bintiye mdogo, swali la kwanza mtaani lilikuwa: ni wa nani jamani?

Kabla ya jibu ikaja video. Mtu alikuwa amerekodi gari likielea, kisha likididimia. Ilizunguka kwenye simu, ikaingia runingani, ikarudiwa na kurudiwa. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuwa akitazama nasi. Akauliza, "Na mamake huyo mwanamke, anatazama?" Hakuna aliyemjibu. Akachukua rimoti, akazima.

Nimesoma mengi kuhusu maadili ya uandishi wa habari. Sijapata swali linalolipita hilo.

Kanuni tunazo. Mwaka 2019 kanuni za maadili za wanahabari wa Kenya zilikuwamo ndani ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Zilidai usahihi na haki, zilidai mwandishi awe huru na awajibike, na zilitaka mwenye msiba aendewe kwa staha. Kwa hivyo hatuwezi kusema hatukujua.

Tena Januari ya mwaka uo huo tulionyesha kwamba tunajua. Baada ya shambulio la DusitD2 kule Nairobi, lililoua watu 21, gazeti la The New York Times lilichapisha picha ya maiti wakiwa bado kwenye viti vyao. Wakenya tulichachamaa. Tuliuliza kama wangewaonyesha hivyo wafu wa kwao. Swali zuri kabisa. Lakini Septemba ilipofika, na aliyeonyesha akawa ni sisi wenyewe, wengi wetu tulibonyeza tu na kumtumia mwenzetu.

Najua mhariri atanijibu nini: video ile ilikuwa ushahidi, bila hiyo, wakubwa wangesema walitakalo. Nakubali. Ila ushahidi una swali lake: nani alipaswa kulizuia gari lile lisiteleze? Ukiuonyesha pamoja na swali hilo, umefanya kazi yako. Ukiurudia pasipo swali, umegeuza kifo cha mtu kuwa sinema.

Halafu kulikuwa na ile hesabu ya siku. Miili ilipatikana tarehe 11 Oktoba, siku ya 13, gari likiwa kina cha mita 58 hivi. Katika kungoja kule, maafisa walizungumza na kamera zikarusha moja kwa moja. Kurusha maneno ya mkubwa bila kuyapima si kuripoti. Ni kumshikia kipaza sauti tu. Na anayeumia zaidi ni yule mwenye msiba anayekaa ufukweni akitumaini kwamba leo ndo leo.

Kwa haki, walikuwepo waandishi waliouliza kuhusu hali ya feri zenyewe, na waliotukumbusha Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka na kuua watu zaidi ya 270. Kwangu mimi, hao ndio waliowaheshimu marehemu. Watu husema ukweli na huruma huvutana, eti mwandishi lazima achague kimoja. Kazi ya hawa inaonyesha sivyo. Kuuliza kwa nini feri si salama ni ukweli, na ni huruma pia, kwa sababu kunamlinda atakayevuka kesho.

Mwaka uliofuata daraja linaloelea la waenda kwa miguu likajengwa, kutoka hapa Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni. Kamera zilikuja, kama zijavyo palipo na jambo jipya. Kamera sizichukii. Ninayemngoja ni mwandishi atakayekuja siku ya kawaida, siku isiyo na maiti wala mgeni rasmi, asimame kivukoni na watu, aulize mlango wa feri unafungwa vipi na nani anaukagua. Akija, jirani yetu atawasha runinga.