Nairobi hadi Diani: Dakika Zinapatikana Wapi?

Likizo ya Desemba ikifika, familia nyingi za Nairobi hujaza buti na kuteremka Pwani. Hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, kisha kinabaki kipande cha Kwale. Madereva wengi huamini kwamba muda huokolewa kwa kukanyaga mafuta. Hesabu inakataa.

Tuchukue Mtito Andei hadi Voi, kama kilomita 95. Anayekwenda kilomita 90 kwa saa hutumia dakika 63. Anayekwenda 80 hutumia 71. Kinachogombewa ni dakika nane, na bei yake ni kuyapita malori njia nzima. Trela likienda 60 nawe ukienda 90, unalikaribia kwa mita nane tu kwa sekunde. Kulipita kwa nafasi salama mbele na nyuma huchukua kama sekunde tisa. Katika sekunde hizo umekwenda mita 225, na basi linalokuja kwa mwendo kama wako limekwenda 225 pia. Kwa hiyo unahitaji karibu nusu kilomita ya barabara tupu unayoiona kwa macho. Malori yakiwa mawili yaliyofuatana, inakaribia mita 700. Kwenye mlima au kona, urefu huo haupo.

Muda mwingi zaidi ulikuwa ukipotelea mwisho wa safari. Kwa miaka mingi, mwenye gari la kwenda Diani aliingia Mombasa mjini, akapanga foleni Likoni, akasubiri feri ya kuvuka mkono wa bahari wenye upana wa kama nusu kilomita. Foleni ile haikupangika: siku moja dakika ishirini, siku nyingine saa mbili, na watoto wanaungua garini. Barabara ya Dongo Kundu ndiyo iliyoondoa fumbo hilo. Kipande cha Miritini kilifunguliwa 2018, na kufikia 2024 magari yalikuwa yakipita daraja la Mwache lenye mita 660 na la Mteza lenye mita 1,440, hadi Kibundani kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga. Mji wa Mombasa unaachwa kando, na Ukunda, mlango wa Diani, haiko mbali tena.

Kwa kuwa mwisho sasa unatabirika, ratiba inaweza kupangwa kwa kurudi nyuma. Magharibi Diani huingia baada ya saa kumi na mbili, na ni vyema kufika saa tisa ili ubaki na akiba ya saa tatu. Hiyo inamaanisha Miritini saa nane, Voi saa tano, Mtito Andei saa tatu, na kuondoka Nairobi saa kumi na moja alfajiri. Wastani unaohitajika ni kama kilomita 50 kwa saa, vituo vikiwemo. Desemba jua huchomoza karibu mbele ya kioo, kwa hiyo kinga ya jua na kioo safi vinahitajika mapema.

Vituo vifuate uchovu wa dereva, si njaa pekee. Makindu pana hekalu la Masingasinga linalowapa wasafiri chakula bila malipo; Mackinnon Road, wengi husimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali. Kituo hiki cha pili kina faida ya kiufundi: kinampumzisha dereva kabla ya mteremko wa Mazeras. Hapo malori hushuka kwa gia ndogo, nawe fanya vivyo hivyo, maana breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea wakati gari limebeba watu watano na mizigo yao.

Anayelala Msambweni aongeze nusu saa kutoka Ukunda. Aitoe kwenye usingizi wa alfajiri, kwa kuondoka saa kumi na nusu. Asijaribu kuidai barabarani.