Kiima na Shamirisho katika Hadithi za Maisha ya Wenye Ulemavu wa Akili: Kisii na Nyamira

Hadithi iliyokusudiwa kumtukuza mtu yaweza kumdhalilisha kwa sarufi yake. Hatari hii yafaa ichunguzwe kila maisha ya watu wenye ulemavu wa akili yanaposimuliwa Kisii na Nyamira, kaunti ambamo Ekegusii ndiyo lugha ya wengi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomvunjia heshima. Haki hiyo haikomei kwenye msamiati. Ni kweli kwamba maneno kama zuzu, punguani na taahira yamejeruhi wengi. Hata hivyo, msimulizi aweza kuyaepuka yote na bado asimwachie mhusika nafasi. Chukua mfano huu wa kubuni: "Alizaliwa, akafichwa, akahurumiwa, akasaidiwa." Vitenzi vyote vimo katika kauli ya kutendwa, watendaji ni mzazi, jirani na mfadhili, na sifa huwaendea wao. Linganisha na huu: "Huchuma majani chai, huimba kanisani, hukataa kuharakishwa." Hapa mhusika ndiye mtendaji. Hakuitwa shujaa, lakini ametukuzwa.

Fasihi simulizi haitoi dawa iliyo tayari. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki mjinga huchekwa, au hufaulu kwa bahati tu. Lililo la thamani zaidi ni utendaji wenyewe: fanani hayuko peke yake, hadhira huitikia, na wimbo, ishara na marudio hubeba maana pamoja na maneno. Mtu mwenye maneno machache aweza basi kuwa fanani wa maisha yake. Dada atakumbusha mwaka, mama atataja mahali. Mwenye hadithi atakubali au atakataa. Akitikisa kichwa, sentensi hiyo ifutwe.

Wajibu wa mwandishi ni kuonyesha nani alisema nini, bila kulainisha vituo na marudio. Wala tafsiri isiwe kisingizio. Ekegusii na Kiswahili, lugha za Kibantu zote mbili, huweka kiambishi cha nafsi ndani ya kitenzi. Aliyesema kwa nafsi ya kwanza huko hana sababu ya kisarufi ya kugeuzwa "yeye" huku. Anayemgeuza amemnyang'anya hadithi, hata akiipamba kwa sifa.