Mlo wa Amiba

Ukiumwa tumbo Nkubu au Runyenjes, jirani atakwambia kabla hujafika hospitali: "Hiyo ni amiba tu." Maabara nayo itachukua kinyesi kikiwa bado na joto, itie kidogo kwenye tone la maji ya chumvi, kisha iangalie kwa darubini. Kumwona ni kazi ya dakika chache. Kumlisha azaliane ndani ya tyubu, hapo ndipo ninapovua kofia.

Mwaka 1925, watafiti Boeck na Drbohlav waligandisha mayai kwa moto ndani ya tyubu zilizolazwa mshazari, kisha wakamimina juu yake maji ya chumvi yenye seramu. Mwaka uliofuata Dobell na Laidlaw, London, wakaongeza wanga wa mchele, na amiba wakaubugia hadi punje zikaonekana tumboni mwao. Mayai, chumvi, mchele: sehemu kubwa ya mlo huo ungeinunua katika soko la Embu, na mchele ungekuwa wa Mwea.

Ila amiba hakuwa peke yake humo. Bakteria walikuwa chakula chake, tena walimmalizia oksijeni, ambayo ikizidi humuua. Ukiwaondoa, lazima kazi zao zote mbili uzifanye wewe. Louis Diamond wa Marekani alifaulu kumkuza bila bakteria mwaka 1961, lakini hakutulia. Mwaka 1978 yeye na wenzake wakatoa mlo wa TYI-S-33: kasini (protini ya maziwa) iliyomeng'enywa, dondoo la hamira, chuma, vitamini na seramu ya ng'ombe. Sisteini na vitamini C huikabili oksijeni, na tyubu hujazwa karibu hadi kizibo ili hewa ikose nafasi. Wakati wa kuvuna hakuna kukwangua: tyubu hutiwa kwenye maji ya barafu dakika kadhaa, amiba wakaachia kioo wenyewe, nayo ikapinduliwa taratibu.

Kinachonivutia zaidi ni uvumilivu wa kupima kila shehena mpya ya viungo, maana fomula ileile, kwa kasini ya shehena nyingine, huweza kuwaua wote. Ndiyo maana mwaka 1995 Diamond na wenzake waliitupa kasini kabisa.

Kuwakuza amiba ndani ya tyubu ndiko kulikowezesha pia kulinganisha vimeng'enya vyao. Mwaka 1993 Diamond na mwenzake Clark wakawatenganisha rasmi kuwa spishi mbili: histolytica anayetoboa utumbo, na dispar asiye na madhara, wasiotofautishika kwa umbo lao chini ya darubini. Kwa hiyo cheti cha Nkubu kikiandika "amiba", uliza kama alionekana amemeza chembe nyekundu za damu, dalili inayoelekeza kwa histolytica.