Mrabaha wa Qualcomm na dau la Broadcom

Tarehe 6 Novemba 2017 kampuni ya chipu ya Broadcom ilitangaza kuwa iko tayari kuinunua kampuni nyingine ya chipu, Qualcomm, kwa dola 70 kila hisa, jumla ya takriban dola bilioni 130 ukihesabu na madeni. Watu walishangaa ukubwa wa dau. Kwangu mimi, la kushangaza zaidi ni wakati lilipotolewa. Januari mwaka huo huo tume ya biashara ya Marekani ilikuwa imeishtaki Qualcomm, siku tatu baadaye Apple nayo ikafungua kesi, kisha viwanda vinavyoiundia Apple simu vikaacha kulipa mrabaha wa hataza.

Ugomvi ulihusu kipimo cha mrabaha huo. Qualcomm ilitoza mrabaha kwa kuangalia bei ya simu nzima, si ya chipu ya modemu peke yake. Apple ikahoji: tukiweka kioo bora au kumbukumbu kubwa, mwenye hataza za mawasiliano anaongezewa kwa jasho gani? Swali hilo liligusa roho ya Qualcomm, maana faida yake kubwa ilitoka kwenye leseni.

Sasa tazama hesabu ya wanaobashiri miungano. Kabla ya uvumi wa dau, hisa ya Qualcomm ilikuwa karibu dola 55. Siku ya tangazo ilifunga kwenye 62 na ushei. Mpango ukitimia, mnunuzi wa hisa anavuna kama dola 7.5. Ukivunjika na bei ikarudi ilikotoka, anapoteza karibu kiasi hicho hicho. Maana yake soko liliona uwezekano wa kufanikiwa ni karibu nusu. Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya 55, na 55 yenyewe ilikuwa bei ya kampuni iliyo mahakamani! Aliyenunua hisa alibashiri mambo mawili kwa mpigo: muungano na hukumu.

Bodi ya Qualcomm ililijua hilo. Februari 2018 dau lilipopandishwa hadi dola 82, ililikataa ikisema halikuthamini hata kidogo kumalizika kwa migogoro ya leseni. Naamini ilikuwa na haki ya kulalamika.

Rais Trump aliuzuia mpango Machi 12, 2018 kwa hoja ya usalama wa taifa. Kesi ikabaki. Tarehe 16 Aprili 2019, mawakili wakiwa ndio kwanza wanafungua hoja zao San Diego, Apple na Qualcomm zikatangaza mapatano na leseni ya miaka sita. Hisa ya Qualcomm ilipanda zaidi ya asilimia 20 siku hiyo, ikafunga juu kidogo ya dola 70.