Otkah: Kitenzi cha Wafumaji wa Pirot

Zulia la Pirot halina upande wa ndani. Ligeuze upendavyo: kobe waliofumwa ni walewale, mistari ni ileile, rangi haikupungua hata kidogo. Huko Pirot, mji wa kusini-mashariki mwa Serbia, chini ya milima ya Stara planina, wanawake wamelifuma zulia hilo, ćilim, kizazi baada ya kizazi. Mfumaji hukaa mbele ya mtande uliosimamishwa wima, hupitisha mshindio wa sufi kwa vidole, kisha huushindilia kwa chanuo zito. Hana haraka. Zulia kubwa hula miezi.

Kazi hiyo ina kitenzi chake cha Kiserbia: tkati, kufuma. Konsonanti zake mbili za mwanzo zimebanana kama nyuzi zilizoshindiliwa. Katika wakati uliopo, wapo wasemao tkam, tkaš, tka. Wapo wasemao tkem, tkeš, tke. Na kamusi bado zimehifadhi čem, umbo la kale ambalo masikio ya mjini hayalitambui tena.

Lakini umahiri wa kitenzi hiki uko kwingine. Wazungumzaji wa lugha iliyoitwa Kiserbo-Kroatia, ambayo leo ina majina manne, Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro, kwa kawaida hawawezi kutaja kazi bila kuonyesha iwapo imefika mwisho. Tkati ni kuwa kazini, mikono ikiwa bado kwenye nyuzi. Otkati ni kufuma mpaka zulia likakatwa na kushushwa. Ukitumia wakati uliopita wa kawaida, wenye kitenzi kisaidizi, kitenzi kinadai pia kujua nani alifuma: tkao je akiwa mwanamume, tkala je akiwa mwanamke. Kiswahili husema “alifuma” na kunyamaza. Pirot, ambako ćilim ilikuwa kazi ya wanawake, ni tkala je iliyosikika nyumba hadi nyumba.

Juu ya hayo kuna aoristi, wakati uliopita wa tendo lililokamilika: otkah, nimemaliza kufuma, otka, amemaliza, otkasmo, tumemaliza, otkaše, wamemaliza. Neno moja, bila kitenzi kisaidizi, na ndani yake mna nafsi, wakati na tamati. Vuk Karadžić, aliyechapisha kamusi yake maarufu ya Kiserbia mjini Vienna mwaka 1818, aliishi na watu waliosimulia kwa maumbo hayo bila kufikiri.

Leo mazungumzo ya kawaida yameridhika na wakati mmoja uliopita, ule wenye kitenzi kisaidizi, na wengi hulikuta tendo la kufuma katika neno satkan tu, linapotajwa kitu “kilichofumwa” kwa ndoto au uongo. Mazulia mengi nayo hutoka viwandani: usoni yanameta, mgongoni ni gundi. Tangu 2002 jina la ćilim ya Pirot linalindwa kisheria, ila sheria haifundishi vidole.

Ajabu ni kwamba aoristi imerudi kupitia simu. Vijana huandikiana stigoh, nimefika, na odoh, naenda zangu, kwa sababu maumbo hayo ni mafupi na yanaokoa herufi. Kuandika stigoh kunahitaji kufika tu. Otkah inamhitaji mtu aliyekaa mbele ya mtande miezi mizima, na Pirot watu hao wanazidi kupungua.