Nyuso za Munigi hazikustahili rangi ya lava

Bango la kumbukumbu ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo mmeliona kwenye simu zenu: mama mwenye godoro kichwani, watoto nyuma yake, anga la kijiji cha Munigi, karibu na Goma, likiwaka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Picha yenyewe ni nzuri. Mhariri ameiharibu kwa uamuzi mmoja: alifungua kidirisha cha rangi na ukolezi, akachagua nyekundu, akapandisha ukolezi, akahifadhi. Maski ya kukinga sehemu nyingine hakuweka.

Najua atajitetea kwamba hakugusa rangi zote. Utetezi huo haumfikishi mbali. Chukua pikseli ya lava yenye namba tatu za nyekundu, kijani na buluu 255, 110, 20: rangi yake iko kwenye nyuzi 23 za duara la rangi, ukolezi asilimia 92. Chukua ngozi ya Mkongo kwenye mwanga wa usiku, 150, 100, 75: nyuzi 20, ukolezi 50. Jiwe jeusi la chini, 40, 36, 34: nyuzi 20 vilevile, ukolezi 15. Programu inayochagua kwa nyuzi peke yake huviona vitu hivyo vitatu kuwa kitu kimoja. Sasa zidisha ukolezi kwa 1.6. Lava inagonga dari la 100 na kusimama hapo, haikuwa na pa kwenda. Ngozi inaruka mpaka 80. Jiwe linafika 24 na kuanza kufanana na tofali. Yaani moto, ambao ndio aliutaka uonekane, haukuongezeka kwa kiasi cha maana. Aliyebadilika ni mama. Amekuwa rangi moja na kitu kilichomfukuza nyumbani.

Na lile jiwe! Watu wa Munigi wanajua weusi wake. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilifunguka hadi karibu na kijiji, lava ikapita katikati ya Goma mpaka Ziwa Kivu, kisha ikapoa kuwa jiwe hilo jeusi. Kuta nyingi za mji huu zimejengwa kwa mawe hayo. Kuyafanya ya hudhurungi ni kusema uongo kuhusu ardhi yetu.

Mengine ya bango sina ugomvi nayo: maandishi yamepangwa vizuri, na kelele za picha kwenye anga zimesafishwa.

Nimeshaandika, na narudia, kwamba mfumo huu wa kupima rangi kwa nyuzi, ukolezi na ung'avu haufai kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Alvy Ray Smith aliuchapisha mwaka 1978 ili mchoraji achague rangi haraka kwenye kompyuta, na kwa kazi hiyo ni mzuri. Lakini ung'avu wake ni namba kubwa tu kati ya zile tatu za nyekundu, kijani na buluu: buluu kamili na manjano kamili zote hupewa 100, wakati jicho la mtoto yeyote linaona manjano inang'aa zaidi. Filta za simu zimewazoesha vijana kuamini namba kuliko jicho.

Kuna waliofanya kinyume: wanasayansi wa volkano Maurice na Katia Krafft walipiga picha za volkano, Nyiragongo ikiwemo, kwa filamu, bila kitelezi chochote. Waliamua mwanga palepale. Mtu aliyevaa vazi la fedha mbele ya moto alibaki wa fedha, na moto ukatisha zaidi kwa sababu hiyo.

Mwenye faili la asili, lifungue tena. Chora maski kuzunguka nyuso na mawe, rudisha ukolezi wake ulivyokuwa, kisha usambaze bango upya kabla ya Mei ijayo.