Zilizopendwa kwa Babu na Bibi: Nani Hasa Alitufundisha Kiswahili?

Kila mwaka tunapowapokea wanafunzi wapya katika idara yetu huwapa zoezi fupi: waandike ukurasa mmoja wakieleza walivyokipata Kiswahili. Wanaotoka Busia, ya Kenya na ya Uganda, na wale wa Tororo, huandika mambo yanayofanana mno. Wanasema walikipata mbele ya runinga, Jumamosi, wakitazama kipindi cha zilizopendwa pamoja na babu na bibi. Nasi tunaoandika ukurasa huu tulilelewa huko huko, wengine ng'ambo hii ya mpaka na wengine ng'ambo ile, kwa hiyo insha hizo tunazisoma kwa furaha. Hata hivyo, furaha hiyo isituzuie kuuliza swali la kitaaluma: je, ni kipindi kilichofundisha, au ni yule mtu aliyeketi kando ya mtoto?

Kipindi kinachotajwa zaidi ni Roga Roga, kilichovuma kupitia kwa mtangazaji Fred Obachi Machoka katika redio na runinga za Citizen. Katika kipindi hicho na vingine vya jamaa yake ndipo watoto wa miaka ya 2000 walipokutana na muziki uliotungwa kabla hata wazazi wao hawajaoana: rumba ya Kongo, bendi za Watanzania waliohamia Nairobi, na akina Daudi Kabaka wa enzi za twisti. Kwa wazee hizo zilikuwa nyimbo za ujana wao. Kwa watoto zilikuwa nyimbo za wazee, na hilo pekee lilitosha kuzipa uzito.

Inafaa tukumbushane hali ilivyokuwa. Nyumba nyingi za vijijini, tuseme kuanzia Funyula hadi viunga vya Tororo, hazikuwa na umeme. Runinga ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa kwa baiskeli. Antena ilifungwa juu ya mlingoti, na upande wa Uganda mlingoti huo uligeuzwa kuelekea mashariki ili kunasa stesheni za Kenya. Kulikuwa na mtoto wa kugeuza nje na mtu mzima wa kupaza sauti ndani. Mwaka 2015, nchi zote mbili zilipozima mitambo ya analogia na ving'amuzi vikaingia, milingoti mingi ilibaki ya kuanikia nguo. Tunalitaja hili kwa sababu mwanafunzi wa leo hudhani kutazama runinga ni jambo la mtu mmoja na simu yake. Wakati ule betri ilikuwa moja, kipindi kimoja, na aliyechagua ni kuka au kukhu, au jaja kwa wa upande wa pili.

Sasa tuje kwenye uhakiki wenyewe. Kipindi cha aina hii kilikuwa na sifa zake. Hakikuwa na haraka, na mtangazaji alizungumza na wazee kama watu wenye akili na kumbukumbu. Lakini kama mwalimu wa lugha kilikuwa na kasoro kubwa: hakikueleza. Wimbo wa Kilingala ulifuatwa na wimbo wa Kiswahili cha Tanga, huo ukafuatwa na wa Kiswahili cha Lubumbashi, na mtazamaji aliachwa aamini kwamba zote ni lugha moja. Mtoto wa Kisamia au wa Kiteso asingeweza kujua ni lini amesikia Kiswahili na ni lini hakukisikia.

Mfano mzuri ni "Kasongo" ya Super Mazembe. Wimbo huo ni wa Kilingala, na kiini chake ni mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. (Mwishoni mwa 2024 vijana wa Kenya waligeuza jina hilo kuwa lakabu ya rais wao, na ghafla kila mtu akautafuta upya.) Kuka mmoja wa Busia, asiyejua Kilingala hata neno, alitupa kisa kizima: Kasongo alikuwa mfanyabiashara wa magendo ya kahawa, akavuka mpaka, akapata mwanamke ng'ambo, akasahau njia ya kurudi. Magendo ya kahawa aliyaleta yeye, maana ndiyo aliyoyaona katika miaka ya 1970. Lakini alikisimulia kisa hicho kwa Kiswahili, tukauliza maswali kwa Kiswahili, akajibu. Somo lilikuwa hapo, katika tafsiri isiyo sahihi ya wimbo usio wa Kiswahili! Runinga ilitoa kisingizio tu.

Tukigeukia nyimbo za Kiswahili chenyewe, jambo linakuwa wazi zaidi. "Sina Makosa" ya Les Wanyika inahusu wanaume wawili, kila mmoja akiwa na mke wake nyumbani, wanaogombania mwanamke asiye wa yeyote kati yao. Mwimbaji anakana lawama kwa sauti ya upole inayoweza kumdanganya hata hakimu. Kukhu hakudanganyika. Kila kiitikio kilipofika aliiambia runinga: "Unayo! Unayo, tena mengi!" Walimu wenzetu mtaona kilichotokea hapo. Katika neno moja mtoto alipata kiambishi cha nafsi, kitenzi cha kumiliki na upatanisho wa ngeli ya YA, kwa kuwa kinachozungumziwa ni makosa. Mwanafunzi akifika kwetu chuoni tunatumia saa mbili kumweleza kwa nini makosa "unayo", kitabu "unacho" na pesa "unazo". Mjukuu wa kukhu huyo anakuja akiwa nalo tayari, ila hajui kwamba ni sarufi. Isitoshe, alifundishwa kubishana na kazi ya sanaa, jambo ambalo baadhi ya wanafunzi wetu wa fasihi bado hulikwepa hadi mwaka wa tatu.

Kuna wenzetu wanaosema nyimbo hizi ziliharibu Kiswahili cha mpakani. Hoja yao hupenda kuegemea "Shauri Yako", wimbo wa Nguashi Ntimbo ambao Super Mazembe waliurekodi upya na kuueneza. Wanasema: shauri ni la ngeli ya LI-YA, kwa hiyo iwe "shauri lako", Wakongo wametufundisha makosa. Hatukubaliani nao, angalau si kirahisi hivyo. Mtu akitoa ushauri wake mzuri, huo kweli ni shauri lake. Lakini anayenyoosha mabega na kusema "shauri yako" hatoi ushauri wowote. Anajitoa katika jambo. Msemo huo umeganda, nao husikika kwa wasemaji wengi wasiowahi kufika Lubumbashi. Mwalimu anayetia alama ya mkato mwekundu kila anapouona anawanyima wanafunzi tofauti ya maana wanayoijua tangu utotoni. Ni afadhali akawauliza: bibi yako alisema lipi, na lini?

Vipindi vya kwaya vya KBC, "Sing and Shine" na "Joy Bringers", tunavipita haraka. Nyimbo zake za Kiswahili zilikuwa na lugha iliyonyooka kuliko ya bendi, kwa kuwa nyingi zilitoka katika Biblia na vitabu vya tenzi. Hata hivyo insha za wanafunzi wetu hazivitaji kama shule yao ya Kiswahili. Huenda ni kwa sababu mbele ya kwaya mjukuu alitakiwa kunyamaza.

Jambo ambalo hatuwezi kulipita haraka ni la Tororo. Huko Kiswahili kilifika mapema kwa reli, kisha kikakaa kwenye kiwanda cha saruji na masoko, lakini wazee wengi wanakikumbuka kwa njia nyingine. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kabla yake na baada yake kilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Jaja mmoja, msemaji wa Dhopadhola, alikuwa na Kiswahili alichokipata kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na 1980. Tulipokichunguza tuligundua kwamba chote kilikuwa katika hali ya kuamuru: simama, keti chini, fungua, leta, nyamaza. Hakuwa na "tafadhali" wala "ningependa". Wajukuu walipomsemesha Kiswahili cha shuleni aliwajibu kwa Dhopadhola au akaondoka.

Lakini Jumamosi aliimba. Aliijua "Malaika" iliyorekodiwa na Fadhili William, akaijua na "Msichana wa Elimu" ya Kabaka. Katika nyimbo hizo Kiswahili kinabembeleza, kinasikitika, kinatania, kinataka na kukosa. Hapo kipindi kilifanya kazi ambayo sera haikuweza kuifanya. Kilimwonyesha mwanamke mmoja kwamba lugha ile ile iliyomwamrisha akae chini inaweza pia kumwomba mtu samahani. Tukiwa wahakiki tunakiri kwamba hii ni sifa kubwa, na kipindi kinastahili kupewa.

Suala hili si la kumbukumbu tamu tu. Mtaala mpya wa sekondari za chini wa Uganda, ulioanza mwaka 2020, umeifanya lugha ya Kiswahili kuwa ya lazima katika madarasa mawili ya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika msingi na sekondari. Walimu wetu wa mazoezi wanaopelekwa Tororo wanakutana na watoto ambao nyumbani mwao neno Kiswahili bado linamaanisha mtu mwenye bunduki. Wengi hukimbilia video ya wimbo wa zamani kwenye simu, wanaipiga darasani, kisha wanagawa karatasi yenye mapengo ya kujaza maneno. Tumeyaona masomo hayo. Watoto hujaza mapengo, kengele inalia, wanatoka wakizungumza lugha nyingine. Kilichochukuliwa ni wimbo. Yule wa kusema "unayo!" ameachwa nyumbani.

Muhula uliopita tuliwaomba wanafunzi wachache wa mwaka wa pili wafanye kinyume. Waende nyumbani bila karatasi, wachezeshe wimbo mmoja mbele ya mzee, kisha waandike alichosema mzee na si alichoimba mwimbaji. Matokeo hayakulingana. Mzee mmoja alilala kabla ya kiitikio. Mwingine alitaka kwanza alipwe soda. Bibi wa Malaba alisimulia kwa nusu saa jinsi alivyotoroka kwenda dansi, na mjukuu wake akarudi na nakala yenye vitenzi vya wakati uliopita vingi kuliko sura nzima ya kitabu chetu cha sarufi, pamoja na maneno manne ambayo hatukuyapata katika kamusi zetu. Mawili kati ya hayo tunashuku ni ya Kiteso. Mengine mawili bado tunayafuatilia, na msomaji yeyote wa Malaba au Amukura anayeweza kutusaidia anakaribishwa ofisini kwetu siku ya kazi, hasa akija na mzee wake.